Mkono wa kupimia maumbo: unavyofanya kazi na jinsi ya kuujenga mwenyewe

Mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitaka kuliingiza gari zima kwenye kompyuta. Walichukua Volkswagen Beetle ya mke wake Sutherland, wakaichora nukta na mistari mwili mzima, kisha wakapima kwa mikono, kwa vijiti vya kupimia, mahali ilipo kila nukta. Kila moja ilidai namba tatu: umbali wa kwenda mbele, wa kwenda pembeni na wa kwenda juu. Hadi leo skana zote za 3D zinatafuta namba hizohizo tatu. Kinachotofautiana ni njia ya kuzipata.

Njia ninayoieleza hapa ni ya mkono wenye viungo: fimbo mbili au tatu zilizoungana, kitako kimefungwa mezani, na mwishoni ncha inayoshikwa kama kalamu. Unagusa kitu kwa ncha, unabonyeza kitufe, kompyuta inaandika x, y na z. Viwandani mikono ya aina hii ipo miaka mingi, ina usahihi wa sehemu ndogo sana za milimita, na bei yake haifikiki kwa mtu mwenye karakana ndogo. Kanuni yake, hata hivyo, ni hesabu ya sekondari, na vipuri vyake vya msingi ni beringi, mabomba membamba na vihisi vidogo vya pembe. Kujenga mkono unaotoa namba si kazi ngumu. Kazi ni kuufanya utoe namba za kweli, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mkono haukioni kitu

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba mkono huu haujui chochote kuhusu kitu unachokipima. Mbele yake pawe na kikombe, gia au ukuta, kwake ni mamoja. Unachosoma ni pembe za viungo vyake wenyewe tu. Kila kiungo kina kihisi kinachosema kimezunguka digrii ngapi, basi. Mahali ilipo ncha hapapimwi hata kidogo. Hukokotolewa kutokana na pembe hizo na urefu wa fimbo.

Chukua mkono mwepesi kabisa, wa fimbo mbili zinazosogea juu ya uso mmoja wa meza. Fimbo ya kwanza ina milimita 300, ya pili 250. Bega limegeuka digrii 40, kiwiko kimejikunja digrii 70 kurudi upande wa pili, kwa hiyo fimbo ya pili inaelekea digrii 30 chini ya mstari wa kuanzia. Fimbo ya kwanza inasogea mbele kwa 300 mara kosini ya 40, yaani 229.8. Ya pili inaongeza 250 mara kosini ya 30, yaani 216.5. Jumla ni 446.3. Kwa upande wa kupanda tunatumia sini: ya kwanza inapandisha 192.8, ya pili inashusha 125, zinabaki 67.8. Ncha ipo kwenye 446.3 na 67.8.

Mkono halisi hugeuka pande zote, kwa hiyo kosini mbili hazitoshi, lakini wazo halibadiliki. Mwaka 1955 Jacques Denavit na Richard Hartenberg walionyesha kwamba kila kiungo kinaweza kuelezwa kwa namba nne tu: pembe ambayo kimezunguka, umbali wa kusogea kando ya mhimili wake, umbali hadi mhimili unaofuata, na msokoto uliopo kati ya mihimili hiyo miwili. Namba hizo nne zinaingia kwenye matriksi, yaani jedwali la namba, ya 4 kwa 4, na ukizidisha matriksi zote kuanzia kitakoni hadi kwenye kalamu, jibu ni mahali ilipo ncha. Kati ya namba nne, ni moja tu, ile ya pembe, inayobadilika mkono unaposogea. Tatu zilizobaki ni umbo la mkono wenyewe, na mkono hauwezi kuzisoma. Ni lazima wewe uziambie kompyuta. Ukiiambia kwamba fimbo ina milimita 300 kumbe ina 300.6, itakuamini, na kila nukta utakayogusa itabeba uongo huo.

Viungo vingapi?

Viungo vitatu, yaani kitako kinachozunguka, bega na kiwiko, vinatosha kuifikisha ncha mahali popote palipo karibu. Shida ni kwamba ncha hufika kutoka upande mmoja tu. Huwezi kuingia kwenye tundu la ubavuni wala kugusa mgongo wa kitu bila kukigeuza. Ongeza viungo viwili kwenye kifundo cha mkono na kalamu inaweza kuelekea kokote.

Je, cha sita, kile cha kalamu kujizungusha yenyewe? Ikiwa ncha imekaa sawasawa kwenye mhimili wa kalamu, kujizungusha huko hakuisogezi ncha, kwa hiyo hakuna cha kupima. Acha kalamu izunguke bure. Kihisi cha sita kinahitajika pale tu ncha inapokuwa imepinda, au unapotaka baadaye kuweka kihisi cha leza badala ya ncha. Kwa mkono wa kwanza, mimi ningeishia viungo vitano bila kusita. Kila kiungo kinachoongezwa huja na uzito wake, waya zake na kosa lake.

Pembe ndogo, kosa kubwa

Kosa la pembe hukua kadiri unavyokwenda mbali na kiungo. Digrii moja inaonekana ndogo, lakini milimita 500 kutoka kwenye kiungo ni sawa na kukosea kwa milimita 8.7. Hesabu yake: geuza pembe iwe radiani, zidisha kwa umbali.

Mikono mingi ya kujitengenezea huanza na potensiomita, kile kidude cha kuzungusha kinachoongeza na kupunguza sauti kwenye redio za zamani. Ni rahisi na hakihitaji programu yoyote ya maana. Potensiomita ya kawaida huzunguka kiasi cha digrii 300, na mikrokontrola (kompyuta ndogo za chipu moja) nyingi za bei nafuu huugawa umeme wake katika hatua 1024. Hatua moja ni digrii 0.29, na kwenye milimita 500 hiyo ni milimita 2.6. Hata ukinunua kigeuzi cha umeme kuwa namba chenye hatua nyingi zaidi, ukanda wa ndani wa potensiomita haukuchorwa kwa usawa kamili. Robo ya mzunguko mahali pamoja haitoi badiliko la umeme sawa na robo ya mahali pengine. Kwa kujifunza inafaa. Kwa kupima kipuri unachotaka kukitengeneza upya, haifai.

Enkoda za sumaku ndizo zilizobadilisha mambo kwa wajenzi wa nyumbani. Kisumaku kidogo cha duara kinagundishwa mwisho wa shafti, na chipu iliyokaa mbele yake kwa umbali wa milimita chache inasoma uelekeo wake bila kugusana. AS5600, ambayo ni maarufu na rahisi kupatikana, hugawa mzunguko mzima katika hatua 4096: digrii 0.088 kwa hatua, yaani milimita 0.77 kwenye milimita 500. AS5048A ina hatua 16384, na kosa la hatua moja linashuka hadi milimita 0.19. Ukitumia AS5600, fahamu kwamba zote zina anwani moja isiyobadilika kwenye waya za I2C, njia ambayo chipu nyingi huitumia kwa pamoja kuzungumza na mikrokontrola. Ukiunganisha tano pamoja zitajibu zote kwa mkupuo, kwa hiyo unahitaji chipu ya kuchagua njia kama TCA9548A, yenye njia nane.

Wingi wa hatua usikudanganye. Maelezo rasmi ya AS5600 yanataja mkengeuko wa hadi digrii 1 kati ya inachosoma na pembe ya kweli, na sumaku isipokaa katikati ya chipu hali huwa mbaya zaidi. Hapo ndipo unapokutana na kihisi chenye hatua za digrii 0.088 kinachokosea mara kumi ya hapo. Lakini kosa hili lina tabia njema moja: linajirudia. Kwenye pembe ileile linakuwa lilelile, likipanda na kushuka kama wimbi mara moja au mbili katika kila mzunguko. Kosa linalojirudia linaweza kupimwa na kuondolewa kwa hesabu. Ni tofauti na mtetemo wa usomaji, ambao hauna mpangilio na dawa yake ni wastani: ukichukua usomaji 100 na kutafuta wastani wake, mtetemo unapungua mara kumi, lakini wimbi lile linabaki palepale.

Kama huwezi kununua vihisi bora vya viungo vyote, weka vizuri kitakoni na begani. Tuseme mkono una fimbo za milimita 300 na 250 na kalamu ya 120, umenyooshwa wote, na kila kiungo kina kosa la digrii 0.05. Kosa la begani linafika nchani likiwa milimita 0.58, na la kitako ni hilohilo. La kiwiko ni 0.32, la kifundo ni 0.10 tu. Makosa yasiyohusiana hupandishwa kipeo cha pili, hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla, na jibu la yote matano linakuja karibu milimita 0.9. Ukiboresha kifundo hutaona tofauti. Ukiboresha bega na kitako utaiona mara moja. Na kwa sababu hiyohiyo, kitu kinachopimwa kikae karibu. Mkono uliojikunja ni sahihi kuliko ulionyooka.

Mwili wa mkono

Kihisi kinasoma mzunguko wa shafti. Shafti ikichezacheza ndani ya beringi, kalamu inasogea na kihisi hakijui. Tuseme beringi mbili za kiungo zimeachana kwa milimita 30, na zinacheza kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Milimita 500 mbele, mchezo huo umekuwa milimita 1.7, kosa kubwa kuliko la hatua moja ya enkoda yoyote iliyotajwa hapo juu. Dawa ni beringi mbili kwa kila kiungo, zikae mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, na zikazwe kwa nati zikandamizane kidogo hadi mchezo uishe bila kiungo kuwa kizito. Beringi za 608, zile za viatu vya magurudumu, zinatosha na zinapatikana kwa wingi.

Fimbo ziwe mabomba, si vipande bapa, kwa sababu bomba linapinga kupinda na kujisokota kwa pande zote. Bomba la nyuzi za kaboni ni jepesi, gumu, na karibu halibadiliki urefu kwa joto. Alumini inafaa pia: fimbo ya milimita 300 inarefuka takriban milimita 0.07 joto likipanda kwa digrii 10 za Selsiasi, kiasi ambacho mkono wa nyumbani unaweza kukivumilia. Printa ya 3D ni msaada mkubwa kwa vishikio vya vihisi na makasha, lakini plastiki ikibeba mzigo kwa miezi hupinda polepole, na kalibresheni yako, yaani vipimo vya mkono ulivyoipa kompyuta, inakufa nayo. Sehemu zinazobeba beringi nisingezichapisha kwa plastiki kama naweza kupata alumini iliyokerezwa.

Kitako kifungwe kwa bolti kwenye meza nzito. Kitako kikisogea hakuna kihisi kitakachojua. Bega nalo liwekewe springi au uzito wa upande wa pili ili mkono usidondoke ukiuachia, maana mkono mzito humfanya mtumiaji augandamize kwenye kitu, fimbo zikapinda, na namba zikapinda nazo.

Kuufundisha mkono umbo lake

Mkono umesimama, vihisi vinasoma, matriksi zimeandikwa. Sasa unazijuaje zile namba zisizosomeka: urefu wa kweli wa kila fimbo, msokoto wa kila mhimili, na mahali ilipo sifuri ya kila kihisi? Kwa vernia, kile kipimo cha mkono chenye taya, utakaribia, lakini mhimili wa beringi ni mstari usioonekana. Huwezi kuubana kwa vernia.

Njia nzuri inatumia mkono wenyewe. Toboa tundu lenye umbo la koni kwenye kipande cha chuma na ukifunge mezani. Ncha ya kalamu iwe tufe dogo, kwa mfano gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 3. Tufe likikaa ndani ya koni, kitovu chake hubaki mahali pamoja hata kalamu iinamishwe vipi. Sasa uzungushe mkono katika mikao mingi: kiwiko juu, kiwiko chini, kalamu wima, kalamu imelala, huku ncha haibanduki kwenye koni. Katika kila mkao rekodi pembe zote tano. Ncha haijasogea, kwa hiyo hesabu sahihi ingetoa nukta moja kwa mikao yote. Hesabu yako itatoa wingu la nukta, na upana wa wingu hilo ndio kipimo cha ujinga wa kompyuta kuhusu mkono wako.

Kisha programu inarekebisha namba za mkono kidogokidogo hadi wingu libanwe kadiri inavyowezekana. Mbinu inayotumika sana ni ya Levenberg na Marquardt: Kenneth Levenberg aliichapisha mwaka 1944, Donald Marquardt akaiendeleza mwaka 1963. Huhitaji kuiandika mwenyewe, imo ndani ya maktaba ya SciPy ya lugha ya Python. Ukiongeza kwenye orodha ya namba zinazotafutwa yale mawimbi ya kosa la kila enkoda, nayo yatapatikana humohumo.

Kuna mtego hapa ambao haujionyeshi. Programu ikiachiwa koni moja tu, inaweza kugundua kwamba wingu dogo kuliko yote linapatikana kwa kuzifupisha fimbo. Mkono wenye fimbo za urefu sifuri una nukta zote mahali pamoja. Hata isipofika huko, koni moja haina habari yoyote kuhusu ukubwa, ni umbo tu. Ndiyo maana unahitaji urefu unaoujua kwa hakika: ufito mgumu wenye koni mbili ambazo umbali wake ulipimwa kwa kifaa kizuri kuliko mkono wako, kwa mfano zilizotobolewa kwenye mashine ya milingi (ya kukata chuma) yenye usomaji wa kidijitali. Uweke ufito huo mahali mbalimbali, karibu na mbali, umelala na umesimama, na uilazimishe hesabu ikubali kwamba umbali kati ya koni hizo ni uleule kila mahali.

Halafu jaribu kwa mikao ambayo programu haikuiona wakati wa kujifunza. Kosa kwenye mikao ya mafunzo huwa dogo siku zote na halisemi mengi. Kosa kwenye mikao mipya ndilo la kuandika ubavuni mwa mkono. Mikono ya viwandani nayo hupitishwa kwenye majaribio ya nukta moja na ya umbali. Kiwango cha Marekani cha ASME B89.4.22 cha mwaka 2004 kimejengwa juu yake.

Kwa hiyo nashauri jambo moja kwa nguvu zote: kila unapogusa nukta, hifadhi pembe ghafi za vihisi pamoja na x, y na z. Ukigundua baadaye kwamba kalibresheni ilikuwa na kasoro, unarudia hesabu na vipimo vyote vya nyuma vinanyooka bila kukigusa kitu tena. Ukihifadhi x, y na z peke yake, umepoteza kazi yote.

Kutumia ncha

Mkono unarekodi kitovu cha tufe, si uso wa kitu. Kwa tufe la milimita 3, uso uko milimita 1.5 kutoka kwenye nukta iliyoandikwa. Pima tundu la kipenyo cha milimita 20 na duara litakalochorwa litakuwa 17; pima shafti ya 20 kwa nje upate 23. Kwa maumbo ya kawaida marekebisho ni rahisi. Kwa uso uliopindapinda, unajenga kwanza uso wa vitovu, kisha unausogeza wote kwa milimita 1.5 kuelekea kwenye kitu.

Usitegemee kunakili sanamu nzima kwa nukta moja moja. Skana za mwanga hukusanya nukta malaki kwa muda ambao mkono unagusa mamia. Nguvu ya mkono iko kwenye vitu vyenye jiometria: bapa, matundu, mihimili, kingo. Nukta tatu zinatosha kuchora duara, lakini gusa nane au kumi na uiache programu itafute duara linalozipatanisha, maana makosa ya nukta moja moja yatapunguzana. Mkono pia hausumbuliwi na kioo, kromu wala rangi nyeusi inayong'aa, vitu vinavyozitesa kamera na leza. Kisichoufaa ni kitu laini, kinachobonyea kikiguswa.

Kwa umbo lililopinda, kama pua ya mashua au mpini wa kifaa, chora mistari juu yake kwa chaki kila baada ya sentimita moja au mbili, kisha pitisha ncha juu ya kila mstari huku programu ikirekodi nukta kila inaposogea milimita moja. Mistari hiyo ukiifungua kwenye programu ya usanifu inakuwa mbavu za kuvalisha uso. Ni njia bora kuliko kurusha nukta ovyo na kuziacha MeshLab au CloudCompare zikisie uso, ingawa programu hizo zitakufaa sana kwa kusafisha na kulinganisha.

Kitu kikiwa kirefu kuliko mkono, au upande wake wa chini hauguswi, utalazimika kukigeuza. Kabla ya kuanza, bandika juu yake alama tatu au zaidi zisizo kwenye mstari mmoja, kila moja ikiwa na kishimo cha kupokea tufe. Ziguse kabla ya kukigeuza, ziguse tena baada ya hapo, na hesabu ya Kabsch ya mwaka 1976 itatafuta mzunguko na msogeo unaozirudisha alama mpya juu ya zile za zamani. Vipimo vingine vyote vinafuata. Kabla ya kuendelea, linganisha umbali kati ya alama zenyewe katika mikao yote miwili. Umbali huo ukitofautiana kwa zaidi ya kosa uliloandika ubavuni mwa mkono, ama kitu kimepinda kilipogeuzwa, ama kitako kimelegea. Kaza bolti, rudi kwenye koni, na uziguse alama upya.